Cheche Alipohamia Sebuleni

Benchi la pale kwenye kona alilichomelea Cheche mwenyewe kwa mabaki ya vyuma, ndiyo maana mguu mmoja ni mfupi, na atakayekaa upande ule lazima akaze mapaja wakati wote kama anaendesha baiskeli. Kulia kuna karakana yake ya mageti na madirisha, kushoto kibanda cha fundi simu wanayemwita Betri, na katikati chumba ambacho kinyozi na dobi wamegawana kwa pazia. Dobi wanamwita Wakili, si kwa kusoma sheria, bali kwa sababu hajawahi kukubali kitu alichoambiwa mara ya kwanza. Kila asubuhi wanne hawa hunywa kahawa ya Mzee Birika, muuza kahawa wa mtaa, na birika likikauka kila mtu hurudi kwenye riziki yake. Hilo halina mjadala. Mengine yote yana mjadala. Asubuhi hii Cheche alifika wa mwisho, soksi mbili mbili ndani ya buti za kazi, macho mekundu, akaomba maji ya moto matupu, kisha akakaa upande wa mguu mfupi bila kusema neno. Wenzake wakatazamana.

— Kuna msiba? akauliza Kinyozi.

— Hakuna.

— Mbona hujafoka? Umekalia mguu mbovu na hujafoka.

— Nimekatazwa kufoka. Hasira inaumiza ini.

Walikumbuka. Cheche alikuwa amekwenda kwa tabibu wa dawa za Kichina, lile duka lenye droo nyingi nyuma ya stendi, kwa sababu kiuno kilimuuma na nyumbani, tuseme ukweli, moto ulikuwa umepoa kidogo. Tabibu alimshika kifundo cha mkono, akamwambia atoe ulimi, akamweleza kwamba nguvu za mwanaume ni akiba iliyowekwa kwenye figo, mtu anazaliwa nayo, na kazi yake ni kuitunza. Alale mapema. Miguu ipate joto. Maji ya barafu aachane nayo. Ale ufuta mweusi na maharagwe meusi, akande kiuno kwa viganja kabla ya kulala, na apunguze hasira. Cheche akaja na maneno hayo yote hapa benchini, na hapo ndipo yalipoharibika.

— Sasa tatizo nini? Betri akauliza. Dawa haifanyi kazi?

— Mke wangu kafunga begi.

Hata Mzee Birika akashusha kikombe.

— Kaniambia leo jioni nimtajie huyo mwanamke, la sivyo anakwenda kwa mama yake.

— Mwanamke gani?

— Ndiyo hapo. Hayupo!

— Pole pole, ini, akanong'ona Kinyozi.

Cheche akavuta pumzi puani, akaitoa taratibu mdomoni, kama mtu anayepuliza uji. Kisha akaeleza. Mkewe anasema mume aliyeanza kuosha miguu kwa maji ya moto kila jioni ana mtu anayemwoshea. Mume anayekula ufuta peke yake chumbani ana siri. Mume aliyehamisha godoro kwenda sebuleni, hilo hata si la kuuliza. Lakini kilichomuumiza mkewe zaidi ni kimya cha mumewe.

— Anasema, "Juzi nimekuunguzia shati la sikukuu, nimekusubiri ufoke, umeniambia haina neno. Wewe! Haina neno! Huyo mwanamke amekupa nini?"

— Kakubana shemeji, akasema Wakili.

— Kanibana. Nimekuja mnisaidie. Nimwambie habari za tabibu, nisimwambie?

Hapo basi. Ukitaka kuona watu wazima, wenye watoto na wenye kodi ya chumba, wanavyoacha akili nyumbani, waombe ushauri wakati birika bado limejaa.

— Usimwambie, akasema Betri. Siri ni sehemu ya chaji. Mimi nashika betri kutwa nzima, najua. Simu ikiwa kwenye chaji haipigwi, haipokei, haiwashwi taa. Ndiyo maana nilikwambia uhamie sebuleni.

— Kumbe ni wewe uliyemhamisha? Wakili akageuka. Mimi nilidhani ni tabibu. Cheche, tabibu alisemaje? Neno kwa neno.

— Alisema nisizidishe.

— Usizidishe, au uache?

— Nisizidishe.

— Ni kitu kilekile, akasema Betri. Usipoanza kabisa, utazidisha vipi?

Cheche alitaka kusema jambo. Alilihisi linapanda kifuani, lakini akalimeza pamoja na maji yake ya moto. Toka aanze kutunza akiba hii amemeza maneno mengi, na tumbo limeanza kumjaa gesi.

— Mnahangaika na sebule, akasema Kinyozi, mnaacha kichwa. Tabibu si alisema nywele za mtu zinaonyesha hali ya figo zake? Sasa mimi nikimnyoa mtu, natoa nini? Natoa nguvu! Nafagia nguvu za wanaume wa mtaa huu kila jioni, natupa jalalani.

— Ndiyo maana magugu ya pale jalalani yananizidi urefu, akasema Wakili.

— Unacheka? Wewe tazama wanaokuja kunyoa kila wiki. Wanapiga miayo kwenye kiti changu.

— Wanapiga miayo kwa hadithi zako. Sikia, nguvu ni joto, tumekubaliana? Joto linakwenda wapi? Kwenye nguo. Shati la mwanaume likiletwa kwangu nalipokea na nguvu zake zote, naliloweka, nazimwaga kwenye mtaro. Ila nikipiga pasi ya moto namrudishia kidogo. Mwanaume avae shati likiwa bado na joto la pasi.

— Na asiongee sana, akaongeza Betri. Maneno ni pumzi, na pumzi ni chaji.

— Na asicheke.

— Kucheka ndiyo kabisa. Umeona mtu akicheka sana anavyolegea?

— Na juani asikae. Jua linafyonza.

— Basi, akasema Betri akihesabu kwa vidole, mwanaume kamili ni yule anayelala mapema, hanyoi, haongei, hacheki, hakasiriki, amefunikwa miguu, na mkewe yuko chumba kingine.

Kinyozi akafikiri.

— Huyo namfahamu, akasema. Tulimzika.

Wote walicheka isipokuwa Cheche. Naye alitaka kucheka. Mabega yalimtikisika, akajishika kiuno, akajizuia, na machozi yakamtoka upande mmoja wa uso.

Wakati wote huo kulikuwa na mtu wa sita. Mwanamke, dereva wa lori la mchanga, alikuwa ameegesha mbele ya karakana akisubiri kuchomelewa komeo la mlango wa nyuma lililokatika. Alisalimia alipofika, wakamwitikia, wakamsahau. Amekaa kwenye ngazi ya lori lake, kikombe cha kahawa mkononi, glavu mapajani. Sasa akashuka, akarudisha kikombe kwa Mzee Birika, akamtazama Cheche.

— Kaka, samahani, mimi si wa hapa. Hizo nguvu unamtunzia nani?

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama anavyowauliza wateja wake: mchanga umwagwe upande gani wa nyumba?

Betri akamtazama Wakili. Wakili akachungulia ndani ya kikombe chake. Kinyozi akaanza kufuta wembe ambao ulikuwa safi. Mzee Birika akaliinamisha birika juu ya kikombe cha Betri, likatoa masimbi ya kahawa na matone mawili, basi.

Cheche akainama, akavua buti. Akavua soksi za juu, akaziweka benchini, akavaa buti tena.

— Dada, komeo lako nalichomelea nikirudi.

— Utarudi leo?

— Leo.

— Nenda basi. Mchanga hauozi.

Betri akamkimbilia hatua chache.

— Cheche! Ukifika usifoke, kumbuka ini!

— Ini langu linakuhusu nini wewe? Ulilichaji wewe? Mtu nakuja na kiuno kinauma unanilaza sakafuni na mbu! Niondokee!

Sauti ilifika hadi mwisho wa mtaa. Mteja wa Kinyozi, aliyeachwa amenyolewa nusu, akachungulia mlangoni. Hawakuwa wameisikia sauti ile kwa muda mrefu, na Mzee Birika, akipanga vikombe vyake kwenye ndoo, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Cheche alitembea haraka, miguu imepoa, kiuno kinauma vilevile. Njiani alipanga maneno mazuri. Angeanza na figo ni nini, kisha akiba, kisha tabibu, kisha aombe radhi kwa lile godoro. Alipofika kwenye geti lake, geti alilolichomelea mwenyewe mwaka waliohamia, akamwona mkewe amekalia begi mlangoni, kitambaa kichwani, viatu vya safari miguuni. Hakuwa na mpango wa kungoja jioni. Maneno yote mazuri yakayeyuka.

— Nani kakwambia mimi nina mwanamke? Cheche akafoka kutoka getini. Mimi nina figo! Nina figo, na nina marafiki wapumbavu! Na lile shati uliloniunguzia nilikuwa nalipenda!

Majirani wakatoka. Mkewe hakuinuka. Alimtazama kutoka juu hadi chini, kama mtu anayempokea msafiri na kuhakiki kama ndiye, na taratibu mkono wake ukaachia mshipi wa begi.

— Ndiyo wewe huyo, akasema. Haya, ingiza begi ndani. Halafu unieleze hizo figo, bila kupunguza kelele.