Loise Nabwile, Triathloni na Karatasi ya Fizikia

Wasikilizaji wapendwa, walio jikoni wapunguze kelele za sufuria kidogo. Leo tunamkumbuka Loise Nabwile. Loise Nabwile wa Chwele, mwanariadha, mwalimu, binti wa Mzee Jairus. Alifariki Jumapili iliyopita hapa Bungoma, kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Wengi wenu mnamjua kama yule mwalimu wa karibu na Kanduyi aliyefundisha watoto kuogelea kwenye bwawa, wazazi wao wakipiga kelele ukingoni. Mimi nitawarudisha nyuma, mwaka wa 2004. Nabwile alikuwa kidato cha nne, shule ya bweni mjini Kitale.

Mwaka huo alishiriki triathloni. Unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia. Hakuna kupumzika. Ukisema huo ni wazimu, sitabishana na wewe. Nabwile aliupenda.

Shida ilikuwa moja. Mashindano yalikuwa Jumamosi asubuhi, na saa nane mchana siku hiyo hiyo kulikuwa na karatasi ya fizikia, mtihani wa mock. Mwalimu mkuu, Bi Pauline, alimpa ruhusa kwa sharti. Alimwambia, "Saa nane uwe umeketi. Ukichelewa, habari ya michezo imekwisha mpaka utoke shule hii." Nabwile akakubali. Saa nane awe ameketi. Shikeni hilo.

Basi, mashindano yalitakiwa kuanza saa tatu. Mgeni wa heshima akachelewa. Mnatujua. Wanariadha walisimama kando ya kidimbwi cha klabu wakitetemeka hadi karibu saa sita, ndipo mgeni akafika, akahutubia, akapiga filimbi.

Nabwile aliogelea vizuri. Alitoka majini miongoni mwa wa kwanza, akakimbilia baiskeli. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya babake. Mzee Jairus alikuwa bodaboda wa Chwele, siku zile za kukanyaga pedali. Aliileta Kitale juu ya pikapu ya kabichi, na kile kiti cha abiria cha sponji hakukitoa, kwa sababu Jumatatu alikuwa na kazi.

Nabwile kufika pale, amekuta mama mmoja ameketi nyuma na kikapu mapajani. Yule mama aliona kiti cha sponji, akajua hiyo ni bodaboda, akapanda.

"Twende Saboti, mwanangu," akasema. "Polepole, nimebeba mayai."

Nabwile akamweleza kwamba yuko kwa mashindano.

"Shindana tu. Lakini mayai yasivunjike."

Wasikilizaji wapendwa, kwetu mtu wa rika la mama yako akishaketi, humshushi barabarani. Isitoshe, njia ya mashindano ilikuwa ni hiyo hiyo ya kwenda Saboti na kurudi. Nabwile akakanyaga. Kijana mmoja, Munene, akampita akicheka. "Dada, ukimshusha huyo, urudi unichukue na mimi."

Alimfikisha mama Saboti. Yai hata moja halikuvunjika. Akageuza, baiskeli sasa nyepesi, akaanza kuwapita mmoja mmoja. Hata huyo Munene akapitwa na Nabwile mlimani. Waliosimama barabarani wanasema hakuwahi kukanyaga hivyo tena.

Alipoanza kukimbia, mbele yake walibaki wawili. Lakini muda ulikuwa umekwisha. Njia ya mbio ilipita kwenye lango la shule yake, na utepe wa kumalizia ulikuwa mbele zaidi, unaonekana. Alipolikaribia lango, kengele ya kuingia mtihani ikalia. Watu wakamshangilia asonge mbele. Nabwile akakata kona, akaingia shuleni.

Aliingia chumba cha mtihani na nguo za mbio, jasho linamtiririka. Bi Pauline alimtazama, akasema, "Keti. Usilowanishe karatasi."

Mzee Jairus alikuwa akimngoja kwenye utepe na soda mkononi. Juzi aliniambia, "Nilikasirika, bana. Nilimngoja mpaka jioni nimgombeze. Akaniambia, 'Baba, ningemaliza mbio hizi, zingekuwa za mwisho.' Nikampa soda yake."

Fizikia alipata C. Nasema ukweli, hakupata A. Lakini mbio za Agosti alikwenda bila kuomba ruhusa, na Bi Pauline alisimama kando ya barabara na chupa ya glukosi, akipiga kelele kuliko wanafunzi. Siku hiyo Nabwile alifika kwenye utepe akiwa wa kwanza.

Kwa Mzee Jairus, kwa mamake, Mama Nekesa, kwa ndugu zake wote, poleni sana. Sina maneno ya kuwafuta machozi, na sitajifanya ninayo. Nanyi mnaonisikiliza, kuna mtoto nyumbani kwenu anayetaka mambo mawili kwa pamoja. Kabla hujamwambia achague, kaa chini ufikirie. Mwekee sharti. Lakini ruhusa mpe.

Mazishi ni Jumamosi, nyumbani Chwele. Jumamosi hiyo hiyo, wanafunzi wa Nabwile wana mashindano yao ya kuogelea. Walituma ujumbe kwa mzee, wakiuliza kama wajitoe ili wawahi kumzika mwalimu wao.

Mzee Jairus amewajibu. "Waogelee, wamalize. Ndipo waje. Hatutamshusha kaburini kabla hawajafika."