Fundi Subiri na Popo wa Maktaba

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, mafundi wenzake marehemu, na ninyi watoto mlioketi mbele kwenye mkeka, familia imeniomba mimi, mdogo wake wa kike, niwasomee maisha ya kaka yangu, na kwa kuwa nimefundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na tatu, mtanivumilia nikisoma polepole.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano, na mama alipenda kusema kwamba sauti ya kwanza aliyoisikia mwanawe duniani ilikuwa ya msumeno, jambo ambalo baba alilikanusha maisha yake yote, akidai kuwa siku hiyo alikuwa amefunga kazi kwa heshima ya mgeni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akiwa hodari wa hesabu na mzito wa kukaa kitini, kisha akaingia shule ya ufundi, ambako tarehe 2 Desemba 1968 alipata cheti cha useremala na uezekaji, daraja la pili, kwani la kwanza lilimponyoka kwa kuchelewa siku moja kumaliza paa la mtihani, baada ya kulipima mara tatu wakati wenzake walilipima mara moja.

Tarehe 5 Februari 1973 aliajiriwa katika idara ya matengenezo ya chuo, akapewa nyumba ya wafanyakazi, sebule na chumba kimoja, na humo ndimo alimoingia na wifi yangu, mshona sare za shule, aliyefunga naye ndoa tarehe 20 Agosti 1977, wakajaliwa binti mwaka 1978 na mtoto wa kiume mwaka 1980, na mwishoni mwa mwaka 1982 walikuwa wakimngojea wa tatu.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana jambo lililotokea mwezi wa Novemba mwaka huo ndilo lililomfanya kaka awe mtu mliyemjua.

Darini mwa maktaba ya chuo waliishi popo wadogo walao wadudu, vinyesi vyao vikadondokea vitabu, na wakaguzi walitarajiwa Jumatatu, tarehe 22, kwa hiyo msimamizi wa matengenezo akaagiza sumu, kaka akaikataa, akasema atawatoa wote wakiwa hai, na kwa jioni tatu mfululizo akakaa juu ya ngazi, kila popo kumi wakitoka anachora mstari kwa chaki ukutani, akapata mia nne na kumi na wawili, siku ya pili mia nne na tisa, siku ya tatu mia nne na kumi na wawili tena. Hesabu ikamridhisha, na Alhamisi jioni, alipotoka wa mwisho, akaziba upenyo wote chini ya paa kwa mbao na misumari, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Ijumaa alfajiri alikwenda kuchukua ngazi yake, akaukuta ukuta umekuwa mweusi, popo mamia wameng'ang'ania matofali mchana ukiingia, hawaruki hata akiwasogelea, naye alipoweka sikio kwenye ubao akasikia ndani sauti nyembamba, nyingi mno, kama darasa zima linalonong'ona. Ndipo akaelewa alichokuwa hakijui, na ambacho hata mimi mwalimu sikukijua, kwamba popo anayenyonyesha hamchukui mwanawe anapokwenda kuwinda, bali humwacha darini, uchi bila manyoya, amebanana na watoto wenzake ili wapashane joto, na anaporudi humtafuta aliye wake kwa sauti na kwa harufu, katikati ya mamia wote wanaolia kwa pamoja. Kaka alikuwa amewahesabu kwa uangalifu mkubwa waliotoka, na waliobaki hawakuwa na mlango wa kupitia kwenye hesabu yake.

Fundi rangi aliyekuwapo siku hiyo, ambaye yuko nasi hapa leo, amenieleza kwamba msimamizi alifika kaka akiwa ameshapanda na mtaimbo mkononi, akamwambia, "Fundi, ukibandua ubao huo, ukishuka pitia ofisini uchukue barua yako," na kaka akajibu, "Sawa, mkuu, ila nishikie ngazi, inacheza," na yule msimamizi, kwa mshangao wa wote na hata wake mwenyewe, akaishika mpaka ubao wa mwisho ulipotoka, popo wakaingia mmoja mmoja, na barua akaiandika vilevile.

Kwa hiyo tarehe 30 Novemba 1982 kaka alipoteza kazi, na nyumba pia, akaja kwangu na meza, sanduku la zana, watoto wawili, na wifi akiwa na ujauzito wa miezi minane, nami, nasema haya mbele ya jeneza lake kwa sababu alishanisamehe, nilimsimamisha mlangoni nikamwambia, "Popo wa watu umewapa nyumba, wako umewaleta walale sakafuni kwangu." Akaiingiza meza ndani, na hasira yangu ikawa ndefu kuliko haki yake, kwani mtoto wa tatu alizaliwa chumbani mwangu tarehe 9 Januari 1983, akaanza kutambaa, akasimama dede, nami bado nikitaka kumwambia kaka neno nilimtuma binti yake, "Mwambie baba yako maji yamechemka," naye kaka akiwa pale pale, hatua tatu kutoka nilipo.

Mwezi Oktoba mwaka huo wanafunzi wangu waliniuliza kuhusu popo, nikakosa jibu, na binti yake, niliyekuwa nikienda naye shuleni, bila kutumwa na mtu, akawaambia baba yake anajua, hivyo jioni moja tulisimama thelathini na wanane chini ya ukuta ule wa maktaba, kaka akiwaeleza kwa sauti ya chini, na mtoto mmoja akauliza, "Babu fundi, mama akikosea akamshika wa mwenzake?" Kaka, ambaye alikuwa na miaka thelathini na miwili na hakuupenda huo ubabu, akamjibu, "Hukosea, mwanangu, hata mimi nilikosea hapa hapa, lakini yeye hasemi basi, hurudi akasikiliza tena." Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani nikamuuliza kama amekula, na hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake baada ya miezi kumi na moja.

Mwaka 1984 alifungua karakana yake mwenyewe, na kutoka hapo hakuna paa aliloliziba kabla ya kuweka sikio kwenye dari kwa dakika kumi, na akisikia watoto wa popo humwambia mwenye nyumba, "Subiri," hata mwenye nyumba awe nani, ndipo watu wakamwita Fundi Subiri, wengine kwa utani, wengine kwa kero, na mwaka 1987 aliyemfuata kwa miguu yake kumwomba aizibe ile maktaba alikuwa msimamizi yule yule. Kaka alisubiri watoto waweze kuruka, akaning'iniza pazia la nailoni ambalo popo hutoka chini yake wasiweze kurudi, akawatengenezea masanduku ya mbao kwenye miti ya nyuma, na ngazi akashikiwa tena.

Afya yake ilianza kudhoofu Aprili 2021, miguu ikavimba na pumzi ikawa fupi, madaktari wakagundua kuwa moyo umechoka, akalazwa mara tatu, na Jumanne, tarehe 30 Novemba 2021, saa tisa alasiri, alifariki kitandani pake, mkono wake ukiwa mkononi mwa wifi. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Ameacha pia kazi moja. Ukumbi huu wa shule tulimoketi alipewa aukarabati, na tarehe 3 Novemba alipanda akishikiliwa kiuno na mwanawe wa tatu, ambaye naye ni fundi, akasikiliza, akasikia watoto wa popo, akashuka akihema, akamwambia mwalimu mkuu asubiri mpaka tarehe 27 Desemba. Juzi tulishauriwa tuuzibe haraka ili wageni wasisumbuliwe na harufu, na huyo mwanawe, aliyezaliwa sakafuni kwangu, akakataa, kwa hiyo mbao zimeegemea pale nyuma ya mlango, zimekatwa, na namba zake kaka aliziandika kwa penseli. Mkisikia mikwaruzo juu ya dari, watoto msiogope, na saa kumi na mbili popo mama wakitoka juu ya vichwa vyetu, wapisheni, wanarudi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na mafundi mliolitengeneza jeneza hili mkalipima mara tatu.

Pumzika kwa amani, kaka, mbao tumeziona, na tutasubiri.