Mama Yudith Mrutu, Diwani Aliyeanza Kutaja Mali za Nyumbani Kwake

Bibi yetu Yudith Sadock Mrutu alizaliwa Mbaga tarehe 14 Mei 1959. Baba yake, mzee Elibariki, ndiye aliyesimamia ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Alisoma mpaka darasa la saba, mwaka 1974, akabaki kulima tangawizi. Mwaka 1981 alifunga ndoa kanisani na babu Sadock.

Alichaguliwa udiwani 2015, akarudishwa 2020. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mgeni akikaa sana alimwambia tu, "Sogea basi tumenye viazi," na mgeni alikumbuka safari yake.

Novemba mwaka jana alipeleka hoja barazani: kila diwani ataje hadharani mali zake na za mwenzi wake, na asipige kura kwenye jambo linalogusa biashara yake. Ushuru wa jasi, madini yanayochimbwa Makanya, ulikuwa unajadiliwa siku hiyo hiyo. Mheshimiwa mmoja, hatumtaji maana tuko naye hapa msibani, akasema, "Mama anataka tuhesabiane kuku."

Ukumbi ukacheka.

"Kuku wako hawalipi ushuru wa jasi, mheshimiwa."

Kicheko kikakatika. Bibi akaendelea, "Baba yangu alifungulia wenzake maji, shamba lake likanywa la mwisho, watu wakiona. Basi naanza mimi. Mume wangu ana machimbo ya jasi Makanya." Akatoka nje ili asipige kura ya ushuru. Hoja yake mwenyekiti akaiahirisha hadi Februari.

Nyumbani babu hakugusa chakula.

"Mama Asteria, umenianika."

"Nimeanza na kwetu, baba Asteria. Ningeanza na kwa nani?"

Baada ya hapo wanunuzi wawili wa jasi wakaacha kuja, na babu na bibi wakawa wanasalimiana tu.

Januari ugonjwa wa figo ulimzidi bibi, akalazwa hospitali Moshi. Waheshimiwa walikuja kumwona, wakamwomba aiondoe ile hoja apumzike. Bibi alimtazama babu. Babu ndiye aliyejibu, "Haiondoki."

Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, babu akiwa amemshika mkono.

Kikao cha baraza ni Alhamisi ijayo. Nani atasimama kuisoma hoja yake, familia bado haijaambiwa.

Ameacha mume, watoto wanne, Asteria, Asheri, Faraja na Elinaza, wajukuu tisa, na hoja moja ambayo haijapigiwa kura.

Bwana ampokee bibi yetu, apumzike salama.