Jina Nililomnyima Wakili

Sogeeni, wanangu, wa tumbo langu na wa tumbo la mwenzangu, na wewe Mudrik iweke simu chini, maana ninalotaka kusema mimi mama yenu Somoe limo humo humo ndani ya simu na sina pumzi ya kulisema mara mbili. Nyumba hii ya Kilindoni na minazi ya Chole vigawanywe kama dini inavyotaka, shehe anajua, msigombane. Lililobaki mikononi mwangu ni Baraza la Kwetu, lile kundi la mtandaoni nililolianzisha baba yenu Abeid alipofariki, likaanza kwa majirani kuulizana bei ya pweza na saa ya boti, na leo wamo watu wa kisiwa chetu cha Mafia waliotawanyika hadi Maskati.

Mnajua nilivyo na Zuena, mke mwenzangu, sifichi. Alipoolewa juu yangu alikuja na kicheko chake kile, akicheka ukumbini baba yenu anaacha chakula changu kinapoa, na hata baada ya kumzika mume, nikidhani sasa hatuna cha kugombania, akaingia barazani kwangu: mimi naandika tangazo la maana, wanajibu watu wawili watatu, yeye anaandika "Hamjambo wa kwetu" tu, wanamiminika kama kuna harusi.

Basi hoteli moja ilipoweka uzio kwenye njia ya wanawake wanaolima mwani, mtu akaandika barazani bila kuonesha jina. Wanachama hawakumjua, ila mimi msimamizi jina naliona, na jina lilikuwa Zuena. Aliweka picha ya uzio, kisha akaongeza kwamba Sudi, mwenyekiti wa kijiji, kahongwa. Haikupita wiki nikaletewa barua ya wakili wa hoteli: nifute yote na nimtaje mwandishi, ama nishitakiwe mimi kwa sheria ya makosa ya mtandao. Wewe Mudrik ukaniambia, "Mama, mtaje tu. Kwani ni ndugu yako yule?"

Wallahi nilitamani. Neno moja tu, na aliyenichukulia mume na baraza angekaa kwenye benchi la mahakama amejikunyata. Nililitamka jina lake peke yangu jikoni, nikaona utamu wake mdomoni. Lakini watu waliandika mule kwa kuniamini, na nikimtoa mmoja kwa sababu simpendi, kesho hakuna atakayethubutu kusema juu ya njia wala juu ya zahanati. Nikamwendea Zuena kwake, wala sikubisha hodi kwa upole.

"Uzio umeuona kwa macho yako?"

"Nimeuona, bi mkubwa. Nimepita miibani na mwani kichwani."

"Na hongo ya Sudi, umeiona?"

"Nilisikia kisimani."

"Basi la kisimani litoe, na Sudi umtake radhi pale pale ulipomchafua. La uzio linabaki, na jina lako silitoi. Usidhani nakupenda."

"Najua, bi mkubwa."

Nikaitwa kituo cha polisi. Nikakaa uso kwa uso na huyo wakili, Sospeter, nikamwambia la uvumi limefutwa, la kweli lina picha, na jina akaliombe kwa hakimu. Akija na amri ya hakimu tutazungumza. Hakurudi. Wakaja watu wa kupima ardhi, wakaona uzio umekula njia, njia ikafunguliwa. Halafu Zuena akajitokeza mwenyewe barazani, "Mwandishi ni mimi," akamtaka Sudi radhi mbele ya wote, na kisiwa kizima kikamshangilia, wanawake wa mwani wakamvisha kanga mpya. Aliandika pia kwamba Bi Somoe ndiye aliyemlinda, lakini nani alisoma hadi huko chini? Mimi niliyekaa kituoni magoti yakiniuma sikupata hata dole gumba moja. Hadi leo linanichoma, na naondoka nalo.

Niinueni kidogo... hapo.

Baraza simpi Mudrik, ingawa nimemzaa. Wewe mwanangu ukitishwa unafuta. Nampa Safia, binti wa Zuena, aliyekuwa akinisaidia kulisimamia. Kuna mtu alimkosoa mama yake mule, kwa haki, nikamwona Safia ameliacha neno la mtu huyo likabaki. Safia, asiyeonesha jina usimtoe kwa woga wala kwa kisasi, na anayemtuhumu mtu muulize kwanza aliona nini. Matusi futa. Ukweli mchungu uache, hata ukinihusu mimi nikiwa kaburini. Nakupa huku roho inaniuma, ulijue hilo.

Maji... basi, yatosha.

Radhi zangu nimewapa nyote, wa kwangu na wa kwake. Mungu awape ndimi za kweli na... na vifua vya kuzibebea. Mwiteni Zuena aingie. Nikifa atanikosha yeye, mikono yake myepesi. Lakini Mudrik... siku ya kunizika... lieni, nyie wa tumbo langu. Asilie yeye kuliko nyinyi. Watu wasije wakadhani... marehemu alikuwa wake.