Kitenge Kilichokaa Stoo Miaka Mitano

Leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Mama Idda Tweve anatimiza miaka sitini na kustaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha nguzo hapa Makambako kwa miaka thelathini na moja, miezi kumi na siku ishirini na tatu. Hesabu hiyo ya siku si yangu. Rasimu yangu ilisema "zaidi ya miaka thelathini", akanirudishia ikiwa na masahihisho ya kalamu nyekundu.

Alitoka Ipelele, Makete, akiwa na miaka ishirini na minane, akaanza kibarua cha kubandua magome ya nguzo. Msimamizi wa wakati huo aligundua kwamba binti huyu anajua idadi ya nguzo zilizo juu ya lori kabla karani hajamaliza kuhesabu. Akahamishiwa stoo, na tangu mwaka 1999 funguo za stoo hazijawahi kulala mfukoni mwa mtu mwingine.

Wageni wa jarida hili waelezwe kidogo kuhusu kadi za Mama Tweve. Kila kitu cha stoo kina kadi yake: kimeingia lini, kimetoka lini, nani amekichukua, na sababu. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyotutoa jasho. Mkurugenzi mmoja alikuja kuchukua buti, akaandika "matumizi", akarudishwa mlangoni aandike matumizi gani. Aliandika, na buti akapewa.

Sasa nije kwenye mieleka, maana bila mieleka wasifu huu ungeandikwa miaka mitano iliyopita, tena ungekuwa wa uongo.

Mwaka 2017 Fredy wa kompyuta alituletea mchezo wa kuendesha kampuni ya mieleka. Humo hupigani. Wewe ni bosi: unaajiri wanamieleka, unawapangia mapambano, unawapa likizo wakiumia, unawapandisha hadi wavae mkanda wa ubingwa. Mwaka mmoja wa mchezoni uliisha kwa miezi mitatu hivi ya mapumziko ya mchana. Makambako tukashindana na wenzetu wa depo ya Njombe, walioongozwa na msimamizi wao, Kefa, mtu wa Mjimwema mwenye majigambo yasiyo na breki. Mama Tweve alikuja kutazama akiwa na bakuli lake la viazi, akasema huu ni ustoo tu ila vitu vyake vinapigana. Kesho yake alikuwa na kampuni yake.

Aliajiri wanawake zaidi, akawapa majina ya kina mama waliopata kufanya kazi hapa yadi. Mkali wao aliitwa Emerensiana, jina la mpishi wetu wa kantini aliyestaafu mwaka 2016. Na kwa kuwa Mama Tweve ni Mama Tweve, kila mwanamieleka alifunguliwa kadi ya stoo. Tulimcheka sana. Nilikuwa wa kwanza kumcheka, na niliendelea kucheka muda mrefu kuliko wengine.

Emerensiana wa mchezoni alistaafu akiwa na miaka thelathini na mbili. Alikuwa bingwa, mkanda uko kiunoni, nguvu tisini na moja kwa mia, hana hata kidole kilichoteguka. Mchezo ulitoa sentensi moja tu, ambayo Fredy alitutafsiria kuwa "muda wake umefika". Mama Tweve aliishika kalamu juu ya safu ya sababu, akaiacha safu wazi. Hatukuwahi kumwona akifanya hivyo.

Baada ya miaka miwili ya kucheza alituwekea kadi mezani. Wanawake kumi na tisa walikuwa wamestaafu, wote kati ya miaka thelathini na thelathini na minne, wengi wazima kabisa. Wanaume, hakuna aliyeondoka kabla ya arobaini na nne. Nyota wa Kefa alikuwa na miaka arobaini na tisa, magoti yote mawili mabovu, nguvu thelathini na nane, na bado alikuwa anasaini mikataba mipya. Tukabishana wiki nzima. Wengi tulisema ndivyo ilivyo kwenye mieleka yenyewe, wanawake huchoka mapema, mchezo umeiga tu. Mama Tweve alijibu kwamba kadi zake hazionyeshi uchovu, na aliyeuona uchovu aje auonyeshe kwenye kadi.

Fredy akafungua faili la mipangilio ya mchezo. Uchovu haukuwemo. Zilikuwemo namba mbili zilizoandikwa na watengenezaji: mwanamke aanze kufikiriwa kustaafu akiwa na miaka thelathini, mwanaume arobaini na miwili. Basi. Fredy akazifanya namba hizo zilingane, na ulingo haukuanguka. Wapo wanawake walioumia wakaondoka mapema, wapo waliopigana hadi arobaini na nane. Ila sasa kila kadi ilikuwa na sababu yake.

Mama Tweve alifurahi, akampigia simu Emerensiana mwenyewe, mpishi wetu, aliyerudi kulima viazi Makete, kumchekesha kwamba amestaafishwa mara mbili. Wakasalimiana "kamwene", salamu ya kwao, wakacheka. Kisha Emerensiana akasema: "Lakini na mimi sikutaka kuondoka, Idda. Mlishanunua kitenge. Ningesemaje?"

Hapa lazima nieleze desturi yetu, na nieleze kwa aibu. Sheria inamruhusu mfanyakazi kustaafu kwa hiari akifika miaka hamsini na mitano. Lazima ni sitini. Sisi Kamati ya Ustawi, kwa upendo kabisa, tulijizoesha jambo letu. Mama akikaribia hamsini na mitano, tunanunua kitenge na sufuria kubwa, tunakodi viti, na ofisi inaandaa fomu ya kustaafu kwa hiari, imeshajazwa, imebaki sahihi tu. Mama anaitwa, anakuta watu wanapiga vigelegele. Nani angesimama mbele ya vigelegele vile aseme hapana? Baba akifika hamsini na mitano hatukumwambia kitu. Tulidhani tunawapumzisha kina mama. Hakuna aliyewauliza, na katibu wa kamati hiyo kwa miaka yote ile ni mimi.

Tarehe 26 Juni 2020, siku moja kabla ya Mama Tweve kutimiza hamsini na mitano, nilimpelekea kitenge. Nilikichagua mwenyewe pale sokoni, cha bluu chenye maua ya njano, na nilijivunia kweli. Simu ile ya Emerensiana sikuwa na habari nayo. Viti vilikuwa vimeshapangwa kantini, na fomu ilikuwa mkononi mwangu.

Aliisoma fomu yote, mbele na nyuma. Kisha akatoa kadi mpya, akaandika: kitenge, bluu, kimoja, kimeingia leo, kimeletwa na Jastin. Akakikunja vizuri, akakipandisha kwenye rafu ya juu, kati ya glovu na maturubai. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Kitu kikifika kabla ya kuhitajika, kinakaa stoo." Ndipo akanisimulia habari za ile simu, taratibu, bila kupandisha sauti. Fomu akanirudishia haina sahihi. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba nilikwenda kuvirudisha viti peke yangu.

Nakiri kwamba si wote waliompenda siku ile. Wapo walionong'ona kwamba mama anang'ang'ania kiti, na kwa miezi kadhaa alikunywa chai yake peke yake. Iliniuma kumwona hivyo, naye ilimuuma pia, kwani aliwahi kuniambia. Lakini kila asubuhi saa moja na nusu mlango wa stoo ulikuwa wazi, upepo wa Makambako uvume usivume.

Miaka mitano hiyo tungeipoteza hivihivi. Ndani yake alihamisha kumbukumbu zote za stoo kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta, na haikupotea hata bolti. Ndani yake aligundua kwamba mapipa kumi na mawili ya dawa ya kutibia nguzo yamekuja na namba tofauti na zile za hati ya mzigo, akakataa kuyapokea siku nzima huku dereva akilalamika. Yalikuwa ya mteja mwingine, na dawa isiyotufaa. Ndani yake alimfundisha Peace, anayezipokea funguo leo, hadi Peace naye akaanza kuturudisha mlangoni.

Na desturi ikabadilika. Tangu mwaka 2021 kila mfanyakazi anayefika hamsini na mitano, mama au baba, anaulizwa faraghani na mtu mmoja, na fomu haitoki mpaka aiombe. Wa kwanza kuulizwa kwa utaratibu huo mpya alikuwa Kefa, aliyekuwa amepitiliza umri huo bila kuambiwa lolote. Akaomba fomu palepale. Kumbe alikuwa akitamani kwenda kwenye maparachichi yake tangu siku alipofika hamsini na mitano, ila kwa kuwa wanaume hawaulizwi, aliona haya kuanzisha mazungumzo. Yule nyota wake mwenye magoti mabovu naye alistaafishwa wiki hiyohiyo.

Mama Tweve, kwa niaba ya wenzako wa Makambako na Njombe, asante. Asante kwa kutulazimisha kuandika sababu. Tunakuombea afya, mavuno ya kutosha huko Ipelele, na jirani mzuri kama Emerensiana, ambaye amepanda gari tangu jana ili awepo leo. Samahani tuliyomwomba ilichelewa miaka tisa, na ameipokea.

Jumatatu ya tarehe 9 Juni alinipigia simu niende stoo. Alikuwa amepanda ngazi mwenyewe. Kitenge kilishuka kikiwa kimekunjwa vilevile, akasema fundi anahitaji wiki mbili kushona. Leo mtamwona nacho. Kabla hajakitoa mlangoni aliijaza kadi, na nimeomba ruhusa yake kuinakili hapa:

Kimeingia: 26 Juni 2020. Kimetoka: 9 Juni 2025. Aliyechukua: Idda Tweve. Sababu: nimekihitaji.

Jastin Mwalongo
Katibu, Kamati ya Ustawi