Hema la Kilio la Katoyi Halirudi Himbi

Risala ya Umoja wa Wamama Tulizane wa Katoyi, mbele ya Bwana Directeur Émile

Mgeni rasmi, Bwana Directeur Émile, chef wetu wa avenue, wachungaji na mapadri, wazee wetu, majirani mliopata viti na ninyi mliokaa juu ya mawe: amani kwenu.

Kukukaribisha

Karibu Katoyi, Bwana Directeur. Tunajua barabara yetu si kama ile ya mtaa wenu wa Himbi, na gari lako limeumia kidogo kwenye mawe ya volkano. Viatu vyetu huumia hapo kila siku, kwa hiyo pole tunayokupa ni ya kweli. Umepewa kiti cha mbele na maji ya kunywa, na hakuna neno katika risala hii litakalokuondolea heshima ya mgeni.

Lakini hatukukuita utusifu. Juma lililopita ulimtuma mtu kuomba tena hema hili tulilokaa chini yake, kwa sherehe ya shirika lako ya Jumamosi. Tulimwambia kwamba jibu utalipata wewe mwenyewe, mchana, mbele ya watu. Jibu ndilo hili.

Hema hili lilitoka wapi

Mwaka wa 2021, mlima Nyiragongo ulipotema moto na mji ukakimbia, tulitembea mpaka Sake na kulala nje. Watu wa Himbi walilala nje pamoja nasi. Mvua haikuuliza mtu anakaa quartier gani. Kule barabarani mama mmoja wa avenue yetu alifariki, tukamlilia tukiwa tumesimama, maana hapakuwa na mahali pakavu pa kukaa.

Tuliporudi, Mama Mukamugema, présidente wetu, alituita akasema: "Nyumba zetu za mbao, watu wa kilio hawaenee. Tutafute hema ya avenue, mutu asililiwe tena ndani ya mvua." Sisi ni wauza makaa, wauza maharagwe, wauza samaki wadogo wa sambaza. Tulijinyima, tukachanga, tukaenda soko la Birere, tukanunua hema hili la toile, kitambaa kizito cha pamba. Tangu siku hiyo, mtu wa kwetu akifiwa, hema hufika kabla ya jeneza. Mfiwa halipi. Hatumuulizi lugha ya kwao wala kanisa lake.

Yaliyotupata

Msimu wa mvua wa mwaka jana, wewe mwenyewe ulikuja, Bwana Directeur. Ulivua kofia, ukazungumza kwa upole, ukaomba hema kwa siku mbili za kufungua ofisi yenu mpya. Tulikupa kwa moyo mmoja. Siku mbili zikapita, juma likapita, hema halikurudi. Ndipo akafa Papa Théogène, fundi wa viatu, bwana wa Mama Uwizeye aliyekaa pale mstari wa pili.

Mama Mukamugema alishuka Himbi kwa miguu. Maneno ya mlangoni tunayasoma kama alivyotuletea.

"Mama, Directeur iko mu réunion," mlinzi alimwambia. "Rudia kesho."

"Kesho tunazika."

"Basi rudia kisha ya kuzika."

"Mutoto yangu, kisha ya kuzika nitaifunikia nani?"

Mlinzi alimrudishia mlango. Naye ni mtoto wa mtu, hatumlaumu. Lakini alipofungua mlango kupitisha gari, présidente wetu aliliona hema letu nyuma ya ofisi. Hapakuwa na mgeni chini yake. Lilikuwa limefunika groupe électrogène, mashine yenu ya umeme, na makasha ya bia.

Papa Théogène tulimlilia nje ya mlango wake, na mvua ikaja. Tulitandaza vitenge juu ya jeneza, kila mama ameshika ncha. Tulipotaka kumfunika mjane, alikataa. "Munifunikie bwana yangu," alisema. "Mimi nimezoea mvua." Watu walianza kukimbia mmoja mmoja, wakajibanza kwenye mabaraza ya majirani. Wimbo ukakatika katikati. Wengine hapa bado wanaona haya kwamba walikimbia. Haya hiyo si yao.

Hema lilirudi baada ya mazishi. Chauffeur wenu alilitupa chini mbele ya lango la parcelle ya présidente, limekunjwa likiwa limelowa, limejaa ukungu mweusi na harufu ya kuoza.

"Ba mama, hii kintu imeshaoza," alisema. "Mutupe tu. Shirika itawapatia bâche, turubai ya plastiki."

"Weye mama yako akizeeka," Mama Mukamugema alimjibu, "utamutupa, upewe mwingine wa plastiki?"

Chauffeur akawasha gari.

Kazi tuliyoifanya

Hatukulitupa. Tungelitupa, tungekuwa tumekubali kwamba chetu kilichoharibiwa hakina thamani.

Hatutadanganya kwamba tulianza vizuri. Tulikuwa na hasira, na tuliliosha kwa hasira: sabuni ya unga, javel ya kuondoa madoa, brosi ngumu za sakafu. Likatakata, tukapiga vigelegele. Mvua ya kwanza ilipita ndani kama chai kwenye kichujio. Tukatazamana, na wengine wakasema labda chauffeur alisema kweli.

Ndipo tukamwendea Papa Paulin, anayeshona maturubai ya camion za mizigo kule Birere. Alilishika, akalivuta, akacheka kidogo. "Ba mama, mumeosha ukungu, mumeosha na mafuta yake. Toile iko sawa ngozi ya mutu. Ukiitoa mafuta, inakunywa maji. Lakini nyuzi zake zingali nguvu. Hii hema haijakufa."

Haijakufa. Tulirudi Katoyi tukiliimba neno hilo.

Tulianza upya. Ukungu uliobaki tuliufuta kwa siki na brosi laini, mahali kwa mahali. Tukalisuuza kwa maji safi ya bidoni, tena na tena, mpaka povu la mwisho likaisha. Hatukulianika juu ya mawe ya volkano, maana yanachana. Paroisse, parokia yetu, ilituazima uwanja wake wa majani, tukakaa zamu kufukuza mbuzi. Mafuta yake yangerudishwa kwa nta, lakini Papa Paulin alitukataza kuigusa kabla hema halijakauka mpaka ndani ya mishono, kwa kuwa nta ikifungia unyevu, ukungu unarudi.

Nta ya nyuki ilitoka kwa ndugu za Mama Mukamugema milimani Masisi. Tuliiyeyusha pamoja na mishumaa, chungu kikiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, mbali na ndimi za moto. Tukaigandisha vipande, tukavisugua juu ya toile. Kisha kila nyumba ikaleta pasi yake ya makaa. Ungepita siku hiyo, Bwana Directeur, ungeona avenue nzima inapiga hema pasi, wanaume wakipepea makaa, nta ikizama ndani ya kitambaa.

Mama Uwizeye alikuwa hajatoka nyumbani tangu mazishi. Siku hiyo alitoka. "Munipe mishono," alisema. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akipaka nta nyuzi za viatu za bwana yake. Alipita mshono baada ya mshono kwa kidole gumba, hakuruhusu mtu amsaidie.

Mvua ilipokuja tulikuwa tumelisimamisha. Tulikaa chini yake, tukitazama juu. Maji yalikuwa yanateleza pembeni, hakuna tone lililopita. Mama Uwizeye alikaa katikati, akaanza kulia, akamwita bwana yake kwa jina. Hatukumnyamazisha. Tulikaa naye, tukaanza ule wimbo uliokatika, na kilio ambacho mvua ilikivunja tukakimaliza pale. Waliokimbia siku ile walikuja kukaa naye. Mvua iliisha, sisi bado tunaimba.

Shida zilizobaki

Zipo. Hatuna ghala kavu; hema linalala juu ya mbao nyumbani kwa présidente, na watoto wake wanalala wamebanana. Nta itahitaji kurudishwa kila mwaka. Hayo tutayaweza. Shida tusiyoiweza peke yetu ni ya watu wakubwa wanaoomba kwa upole na kurudisha kwa dharau.

Jibu letu na maombi yetu

Bwana Directeur, jibu ni hapana. Hema hili halirudi Himbi, Jumamosi hii wala nyingine. Tumesikia pia kwamba umetuletea bâche mpya zenye nembo ya shirika. Asante. Wapelekee wakimbizi wa vita wanaolala nje kule Lac Vert, wana haja nazo kuliko sisi. Hapa hatutaki kupewa kitu ili tusahau kitu.

Ombi letu ni moja. Hujawahi kumwambia Mama Uwizeye pole. Yuko hapa. Hatukulazimishi, tunakuonyesha tu mahali alipokaa.

Tulipanga baada ya risala tunywe soda na tucheze. Haitawezekana. Leo asubuhi, wakati tunapanga viti, habari ilitufikia kwamba Muzee Habarurema wa mwisho wa avenue ametutoka. Hatukutaka kukurudisha njiani, ndiyo maana tumesoma. Lakini tukimaliza, kila mtu atabeba kiti chake, hema litateremshwa, na litasimama kwake kabla mvua ya mchana haijafika. Soda zitawafuata wafiwa. Wewe ukiwa na haraka, nenda salama. Ukiwa na nafasi, vua koti. Nguzo za pembeni ni nzito, na mkono wa mgeni hautakataliwa.

Mungu akulinde barabarani. Akupe nyumba isiyovuja, na siku yako ikifika, akupe majirani wasiokimbia.

Ni sisi, Umoja wa Wamama Tulizane, Katoyi, Goma.

Imesomwa kwa niaba ya wote na Apolline Umutesi, mwandishi wa umoja.