Babu Aliyefundisha Vita kwa Mifuniko ya Sufuria

Babu yetu, ambaye wanajeshi walimwita Mwalimu Ngao, alizaliwa tarehe 9 Mei 1949, kitinda mimba wa fundi cherehani. Alisoma hadi kidato cha nne, na huko kwenye somo la historia ndiko alikokutana na Wagiriki wa kale. Wenzake waliwasahau mtihani ulipoisha. Yeye, jamani, hakuwaacha tena.

Alijiunga na jeshi mwaka 1970, akaja kufundisha mbinu za vita chuo cha maofisa hadi alipostaafu 2004. Kila darasa jipya likianza alikuwa anaazima mifuniko jikoni, anawapanga maofisa bega kwa bega kama Wagiriki wake na ngao zao, mfuniko mkono wa kushoto. "Ngao yako inakukinga nusu tu," anawaambia. "Nusu yake nyingine inamkinga jirani yako wa kushoto. Ukikimbia, umemuua yeye."

Mpishi naye dirishani: "Mwalimu, wali wangu unakauka huku!"

Ofisa mmoja akauliza, "Afande, siku hizi adui anarusha makombora kutoka mbali. Mifuniko ya nini?"

Babu akacheka. "Silaha zinabadilika, mwanangu. Woga ni uleule. Kila mtu akianza kujiokoa, kikosi kimevunjika hata bomu halijafika."

Mwaka 1976 alimuoa Bibi, muuguzi, ambaye mpaka leo analalamika kuwa aliolewa na Wagiriki. "Hata fungate walikuja!" anasema.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023. Ila kilichomuuma zaidi ni kumkosa baba mkubwa, kifungua mimba wake, ofisa aliyekuwa ulinzi wa amani nje ya nchi. Gari likisimama nje tu, Babu anainua kichwa.

"Mzee, mkuu wake si ulimfundisha wewe?" Bibi akamwambia. "Piga simu moja tu, mtoto aje."

"Mama watoto, nikimtoa, pengo lake anaziba nani?"

"Na pengo la hapa je?"

Babu akageukia ukutani. Simu hakupiga.

Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024. Baba mkubwa amefika jana, baada ya kupata wa kumpokea zamu, begi bado mgongoni. Aliuliza kitu kimoja: "Aliniulizia?"

Bibi akamshika mikono. "Kila siku, baba. Na kila siku alikataa kukuita."

Ameacha mjane, watoto watatu, na wajukuu tele tuliokuwa tunamchosha kwa maswali. Alale kwa amani Babu yetu. Aliyekuwa anamsubiri ameshafika.